Chaki kwenye propela

Saa moja na nusu asubuhi, Kahama, pembeni mwa barabara kuu inayotoka Tinde kuelekea Ushirombo. Gereji hii haina geti wala ukuta. Ina mwembe mmoja, winchi ya minyororo, na ardhi iliyogeuka nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Kichwa cha Scania kimesimama chini ya mwembe. Tairi za mbele zimewekewa magogo, na jeki imenyanyua tairi za kushoto za ekseli ya kusukuma mpaka zinaning'inia. Za kulia zimekanyaga chini. Gia iko fri. Fundi amelala chali juu ya gunia, mkononi ana kipande cha chaki kama kile cha shule ya msingi. Anachora mstari kwenye propela, kisha anamwambia kijana wake achore mwingine kwenye tairi, palipoelekeana na ukingo wa madigadi.

"Mwangaluka," anasalimu mzee mmoja anayepita na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Fundi anaitikia bila kugeuza shingo, maana anahesabu. Kijana anazungusha tairi kwa mikono miwili, taratibu, mara 20. Propela inazunguka mara 27 na kidogo.

Fundi anagawa kwa 10, si kwa 20, kwa sababu upande mmoja wa difu ukishikwa na ardhi, ule ulio hewani huzunguka mara mbili kila krauni inapozunguka mara moja. Jibu linatoka: 2.71.

Mwenye gari amekaa kwenye kiti cha plastiki, hajaona bado kwa nini asubuhi yake inapotea kwa jambo la chaki. Ameliagiza lori kutoka Uingereza, lina usukani wa kulia, injini ya farasi 420 ambayo haijafunguliwa, kibanda safi. Ndani ya miezi saba limekula klachi mbili. Yeye anaamini tatizo ni dereva. Dereva amesimama nyuma yake, mikono mifukoni, hasemi kitu.

Namba ile ya 2.71 maana yake ni kwamba propela lazima izunguke mara 2.71 ili tairi zizunguke mara moja. Inatokana na meno tu. Ndani ya difu kuna krauni, lile gurudumu kubwa, na pinioni, kile kichwa kidogo kinacholisukuma. Krauni yenye meno 41 ikisukumwa na pinioni ya meno 12 inatoa 3.42. Meno 37 kwa 12 yanatoa 3.08. Meno 41 kwa 10, ambayo wenye Land Cruiser za kazi wanayafahamu, yanatoa 4.10. Vitabu vinaita uwiano. Gereji zote kuanzia Nzega hadi Katoro zinaita resho. Namba ikiwa kubwa, tairi hupata nguvu na kupoteza mbio. Ikiwa ndogo, gari linakimbia injini ikiwa imetulia, lakini likipewa mzigo linaanza kuomba msaada. Yule mzee wa mkaa anaijua hesabu hii kwa magoti yake: baiskeli yake ina meno yale yale mbele na nyuma siku zote, hivyo akifika kwenye kilima hana la kubadili, anashuka na kusukuma.

Lori lina gia nyingi za kubadili, kweli. Ndiyo maana wanunuzi wengi hawaulizi habari za difu. Wanauliza farasi, wanauliza kilomita, wanapiga teke tairi. Difu wanaipokea kama ilivyokuja. Nami nasema huo ndio ununuzi wa gharama kubwa kuliko wote unaofanyika kwenye ukanda huu wa dhahabu, na anayeulipia mara nyingi si mnunuzi.

Lori lililozaliwa kwa ajili ya barabara za Uingereza lilipangiwa uzito wa juu wa tani 44, mzigo na gari pamoja. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zinaishia tani 40 kwa safari za kawaida. Kule lori linatoka bohari, linaingia barabara kuu isiyo na matuta, linashika kilomita 85 au 90 kwa saa na kukaa hapo mpaka dereva apumzike. Kwa maisha hayo, 2.71 ni akili kubwa: injini inazunguka polepole, dizeli inabaki kwenye tangi. Waswidi wenyewe, wanaotengeneza Scania, wana nchi ya misitu na magogo, na tangu mwaka 1993 waliruhusu tani 60, wakapandisha hadi 64 mwaka 2015. Hivyo Scania mbili zenye sura moja na injini moja zinaweza kuwa wanyama wawili tofauti, na tofauti yenyewe iko ndani ya chungu cha chuma ambacho hakuna anayekifungua bandarini.

Likifika kwetu, sheria inayolishika ni ile ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia rasmi Machi 1, 2019. Inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Semi ya kawaida ya ekseli sita inaishia kwenye tani 50 hivi, kwa kuwa ekseli ya usukani inabeba 8, mbili za kichwa 18, na tatu za tela 24. Na spidi ya gari zito hapa ni 80 nje ya makazi, 50 kwenye vijiji. Mtu akipita njia ya Igunga, Nzega na Tinde anajua vijiji vilivyo pale, na matuta yake.

Sasa tuchukue kalamu. Tairi ya kawaida ya lori la Ulaya, 315/80 ya rimu 22.5, ikizunguka mara moja inakula barabara mita 3.28 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa tairi inazunguka kama mara 406 kwa dakika. Zidisha kwa 2.71, unapata injini inayozunguka mara 1,100 ukiwa gia ya mwisho, ile ambayo propela inakwenda sawa na injini. Injini ya Scania ya farasi 420 ya aina hii inatoa nguvu yake kamili ya kuvuta kati ya mizunguko 1,100 na 1,350. Maana yake, gia ya mwisho ya lori hili inaanza kufaa pale pale ambapo sheria inamwambia dereva aishie. Chini ya 80, akiwa na mzigo, gia hiyo ni chuma kinachobebwa bure. Akishuka hadi 60 bila kupangua, injini inakuwa kwenye 830 hivi, inatetemeka, inakula dizeli bila kuvuta. Weka 3.42 mahali pake: gia ya mwisho inaanza kuvuta vizuri kwenye kilomita 63 kwa saa, na ukifika 80 injini iko 1,390 tu, bado imetulia. Hiyo ndiyo difu ya lori la kutoka Dar es Salaam hadi Isaka likiwa na tani 50, mzigo na gari pamoja, na watu wa Ulaya wanaouza 2.71 hawajamdanganya mtu. Sisi ndio hatukuuliza.

Mabaya zaidi yako kwenye gia ya chini, ambako klachi inauawa. Gia ya kwanza ya gari la namna hii inazidisha nguvu ya injini mara 11 hivi, kisha difu inazidisha tena. Kwa 2.71 jumla inakuwa kama mara 31, kwa 3.42 inakuwa 39. Sehemu moja kati ya tano ya nguvu ya kuondokea imepotea. Dereva aliyesimamishwa mizani, au aliyekuta foleni katikati ya mlima, anaachia klachi na gari haliendi, anaongeza resi, sahani inateleza juu ya flaiwili, harufu ile ya kuungua inaingia ndani ya kibanda. Anafanya hivyo mara nne kwa siku. Miezi mitatu baadaye klachi imekwisha, na mwenye gari anatafuta mtu wa kumkata mshahara.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu jambo moja, maana gereji zina imani zake. Difu haiongezi farasi. Kwenye mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100, gari la tani 50 lenye farasi 420 litapanda kwa kilomita 30 hivi kwa saa, liwe na 2.71 au 4.22, mradi dereva amepata gia inayoweka injini mahali pake. Anayesema amebadili difu na sasa anaruka mlima kwa 60 amepunguza mzigo. Kinachobadilika ni namna unavyopanda: una gia ngapi za kuchagua, injini inapumua au inakabwa, na ukisimama katikati unaweza kuondoka tena.

Mlima unaotajwa zaidi na madereva wa njia hii ni Sekenke, pale barabara inapotelemka kutoka uwanda wa Singida kwenda Shelui na mbuga za Wembere. Jina hilo ni la zamani kwenye habari za dhahabu. Wajerumani walichimba hapo tangu mwaka 1909. Watu wengi husema unahitaji difu ya nguvu kwa sababu ya Sekenke, na ukitazama vizuri, anayetoka Dar na mzigo wa Kahama au Geita haupandi Sekenke, anaushuka. Mpando wake mkubwa ni Saranda, kutoka bonde la Bahi kwenda Manyoni. Sekenke unapandwa na anayerudi, na miaka mingi waliorudi walikuwa tupu au na pamba na mchele. Waliopanda wakiwa wamebeba dhahabu kwelikweli ni malori ya makinikia, ule mchanga wa madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, mpaka Machi 2017 Rais Magufuli alipopiga marufuku usafirishaji wake nje na makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam. Taifa zima lilijua idadi ya makontena yale. Jinsi yalivyopandishwa Sekenke ni habari ya utingo na dereva, na haikuandikwa popote.

Lakini kushuka nako kuna hesabu ya difu, na hii haisemwi vya kutosha. Injini inapozuia gari kwenye mteremko, au ritada iliyofungwa nyuma ya gia boksi inapofanya kazi, kizuizi hicho kinapita kwenye difu kabla ya kufika kwenye tairi, na kinazidishwa na namba ile ile. Mwenye 3.42 anapata robo zaidi ya breki isiyochosha viatu kuliko mwenye 2.71 akiwa kwenye gia ile ile. Anayeshuka Sekenke na tani 50 nyuma ya mgongo, breki za hewa zikianza kunuka, hiyo robo ni maisha ya watu, pamoja na walio kwenye Noah inayopanda upande wa pili.

Nimekulia kwenye nyumba ya dereva. Mjomba wangu, aliyenilea Nzega, aliendesha puling ya ekseli mbili za kusukuma kwa miaka mingi. Mwaka mmoja difu ya nyuma ilivunjika meno, na mwenye gari akanunua nyingine skrepa, chuma kile kile, umbo lile lile, matundu ya bolti yanaingia sawasawa. Hakuna aliyehesabu meno. Ya mbele ilikuwa 3.42 na ile mpya ilikuwa 3.08. Kati ya ekseli hizo mbili kuna difu ya tatu, ndogo, inayosuluhisha tofauti za muda mfupi gari linapokata kona. Tangu siku hiyo ikawa inasuluhisha ugomvi usiokwisha, kwenye lami iliyonyooka, kilomita baada ya kilomita, maana ekseli ya mbele ilidai propela izunguke mara zaidi kwa asilimia 11 kuliko ya nyuma. Safari ya pili oili ilichemka. Safari ya tatu, karibu na Igunga, ile difu ndogo ilisagika. Mjomba aliambiwa amesahau kutoa difu loki baada ya kupita kwenye tope. Alikatwa mshahara wa miezi minne. Alipofungua ile difu fundi mwingine, mwaka uliofuata, na kuhesabu meno, mjomba alikuwa ameshaacha kazi hiyo na anauza mashudu. Jina la mwenye gari silisemi. Sheria ya kiufundi aliyoivunja naisema kwa sauti: ekseli mbili zinazosukuma pamoja lazima ziwe na uwiano mmoja, hakuna karibu-karibu. Saa moja ya chaki ingetosha.

Ukiacha lami, mambo yanabadilika tena. Wasukuma wana majina mengi ya udongo kuliko kitabu chochote cha barabara: luseni ni ule wa kichanga, mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuwa gundi masika. Kwenye lami, kulivuta lori la tani 50 mahali tambarare kunahitaji nguvu ya nusu tani tu. Kwenye mbuga iliyolowa inaweza kufika tani 5. Na tairi haiwezi kusukuma zaidi ya inavyoshika. Kwenye tope la namna hiyo inashika chini ya theluthi moja ya uzito unaoikandamiza. Kichwa chenye ekseli mbili za kusukuma, zimebeba tani 18, kinapata kama tani 5 na nusu: kinatoka kwa shida. Kichwa cha Uingereza chenye ekseli moja ya kusukuma na nyingine ya kusindikiza, tani 10 tu kwenye tairi zinazofanya kazi, kinapata 3. Kinachimba shimo na kukaa. Hapo hata ukifunga difu ya 5.73 hutoki, utazungusha tairi kwa nguvu zaidi. Wapo waliotumia fedha nyingi kubadili krauni na pinioni kwa ajili ya njia ya vumbi, na walichohitaji ni ekseli ya pili.

Difu ya 5.73 niliyoitaja si ya kubuni. Howo nyingi za kubeba kifusi zinakuja nayo, au 4.8, sehemu ya upunguzaji ikifanyika kwa gia ndogo ndani ya habu za tairi. Ni gari zuri sana la kutoa magwangala na marudio kutoka machimbo kwenda kwenye mitambo ya kuchenjua ya Katoro na Geita, safari fupi, mzigo mzito, njia mbovu. Uzuri huo unaishia kwenye lami. Kwa 5.73 na gia ya mwisho isiyoongeza mbio, injini ikiwa kwenye kikomo chake cha mizunguko 2,200, gari linakwenda kilomita 75 hivi kwa saa na linapiga kelele kama linaomba kufa. Nimewaona watu wanalifungia tela na kulituma Dar kubeba saruji, kisha wanashangaa dizeli.

Walioipeleka kanuni hii mwisho kabisa ni watengenezaji wa madampa ya migodi ya wazi. Caterpillar 785, dampa linalobeba zaidi ya tani 130 za mawe na tairi zake zina mita 3 hivi kwenda juu, lina difu ya 2.10 tu, ndogo kuliko ya Scania yetu ya Kahama. Lakini ndani ya kila habu kuna gia nyingine za 10.83. Jumla inakuwa 22.7 hivi. Kazi kubwa ya kuzidisha nguvu imewekwa mwishoni kabisa, pembeni ya tairi, ili propela na shafti zisibebe mzigo wa kuzivunja. Mwendo wake hauzidi kilomita 60 kwa saa, na hakuna anayelalamika, kwa sababu aliyelinunua alijua linatoka wapi na linakwenda wapi.

Jambo dogo la mwisho ambalo fundi alilisisitiza kwa mwenye gari: tairi nazo ni difu. Ukitoa 315/80 na kuweka 12.00 ya rimu 20 kwa sababu inavumilia mawe, tairi imekua kwa asilimia 4 au 5, na 4.22 yako imekuwa kama 4.05 bila kufungua bolti hata moja. Spidomita inaanza kudanganya, inasoma chini ya mwendo halisi, na askari mwenye tochi hatasikiliza hesabu za meno. Vivyo hivyo kwa gia boksi ambazo gia ya mwisho inakimbiza propela kuliko injini: 3.42 ukiizidisha kwa 0.8 inarudi kuwa 2.74, na unajikuta ulikotoka, ingawa wewe angalau una gia ya chini yake ya kukimbilia.

Jua limeshafika juu ya mwembe. Mwenye gari ameinuka kwenye kiti chake, amechuchumaa karibu na tairi, anauliza krauni na pinioni za 3.42 zinapatikana wapi na kama lazima zinunuliwe pamoja. Fundi anamwambia ni lazima, zilisagana kiwandani na haziachani, na kwamba baada ya hapo spidomita ipimwe upya. Anamwambia pia, kwa upole wa mtu anayemheshimu aliyemzidi umri, kwamba kwa ekseli moja ya kusukuma gari hili abaki nalo kwenye lami, na kazi ya njia ya vumbi masika asiikubali hata mteja akiongeza pesa. Bosi anasikiliza. Anasema atapiga simu Dar leo. Hamtazami dereva, lakini habari ya klachi haitaji tena.

Dereva anasubiri mpaka bosi ameondoka na bodaboda. Kisha anapanda kwenye kibanda, anashusha kizuia jua, na kwa kalamu ya wino mzito anaandika juu yake, kwa herufi ambazo mwingine atakayeshika usukani huu hawezi kuacha kuziona: DIFU 2.71. Anafikiri kidogo, anaongeza tarehe.

Fundi bado yuko chini ya gari, anafuta chaki kwenye propela kwa kiganja cha mkono.